Ikwa ya Mgeni

Jirani yangu Nyapara hakuwahi kubisha hodi kwangu, wala kwa mtu mwingine yeyote. Alisimama upande wake wa ua na kuniita kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia vibarua wa barabara, sauti ya kushindana na lori la kokoto, nami nikaacha sufuria mekoni nikaenda kusikiliza leo nimekosa nini. Mara nyingi sikuwa nimekosa kitu. Alitaka tu kunijulisha kwamba wingu limeanza kukaa upande wa mlimani, au kwamba kuku wangu amevuka mpaka na arudishwe kwao.

Jina lake lipo, na wazee wenzake walilijua, lakini Karurumo nzima ilimwita Nyapara, nami sitaanza leo kumwita vingine. Alisimamia magenge ya barabara miaka ile uhuru wetu ulipokuwa bado mbichi, wakati lami ilikuwa habari ya mbali na watu walisafiri Embu wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nilipoolewa hapa jirani alikuwa ameshastaafu, ila kustaafu kwenyewe hakukumwingia. Asubuhi alitoka na sepetu yake akaziba mashimo ya njia yetu ya udongo. Mvua ikinyesha, alitembelea mitaro kama mtu anayetembelea wagonjwa, akisimama kwa kila mmoja na kuuliza umeamkaje.

Mume wangu alikuwa na kazi ya ofisi mjini Embu, tai na viatu vya kung'aa. Siku alipoanza kuchimba shimo la choo, Nyapara alivuka ua, akaweka mikono kiunoni, akamtazama kidogo.

"Wewe Baba Mugendi, hiyo jembe unashika namna gani? Unakoroga chai?"

"Hapana, Nyapara."

"Basi inua! Inua kabisa, wacha iteremke na uzito yake. Hapo. Rudia."

Mume wangu, mtu mzima mwenye watu chini yake kazini, alisema "Ndiyo, Nyapara" mpaka jioni. Usiku alilalamika mgongo na heshima. Lakini choo kile kimesimama wima mpaka leo, na cha jirani wa pili, aliyemfukuza Nyapara, kilibomoka msimu uleule.

Kanisani hakuna aliyempa kazi ya kupanga watu, aliichukua mwenyewe. Alikaa karibu na mlango, na kila aliyechelewa alimwongoza kwa mkono kama lori linalorudi kinyumenyume: njoo, njoo, kata kushoto, hapo, simama. Mchungaji mmoja mgeni alicheka katikati ya maombi ikabidi ajifanye anakohoa.

Na mtu huyu mwenye sauti hiyo alimwogopa bata mzinga wangu. Sisemi kwa kumdharau. Akimwona njiani, alizunguka kupitia kwenye kahawa, akatokea chini kabisa na majani kichwani, akanisalimu kana kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kila siku. Nilimpenda sana mzee yule, na naona nilianza kumpenda siku niliyomwona akitoka kwenye ile kahawa.

Sasa nije kwenye ikwa. Kiswahili cha vitabu kinaiita kiazi kikuu, lakini sijasikia mtu akiitisha kiazi kikuu Karurumo. Ni ikwa. Mmea wenyewe unapanda juu ya mti, kamba yake ina miiba midogo, na hapa kwetu mti wa kuubeba ni mukungugu, ambao unakata tawi lake, unalichomeka ardhini, nalo linashika. Chini kuna kichwa, kigumu kama gogo, na kutoka kwenye kichwa hicho vinashuka viazi vyenyewe. Unavichimbua bila kukiumiza kichwa, unakifunika, na mwaka mwingine kinakupa tena. Kichwa kimoja kinaweza kumlisha mtu, kikamlisha na mwanawe.

Nyapara akiwa kwenye ikwa zake, sauti yote iliisha. Alipiga magoti, akachimba kwa muro, ule mti uliochongwa ncha, kwa maana alisema jembe halina masikio. Alisikiliza udongo kwa mikono. Ukimwita asiitike, ujue yuko huko. Nilimuuliza siku moja mbona hapa hana haraka na barabarani aliwakimbiza watu.

"Barabara iko na kontrakta," akasema. "Ikwa haina."

Halafu kuna jambo ambalo lilinishinda kulielewa kwa miaka mingi. Hakuila. Alipanda, akapalilia, akachimba, akachemsha mwenyewe kwa sababu mke wake alifariki mapema, kisha asubuhi akakaa na mkate wa dukani na chai. Sufuria ya ikwa ilikaa pembeni, imefunikwa jani la ndizi, ikimngoja mtu. Na mtu alikuja. Awe mwalimu, awe mlevi aliyepotea njia, awe kijana wa kuuza taa za sola, alikalishwa na kumenyewa. Yule wa sola alikula mpaka akasahau kuuza sola.

"Na wewe, Mzee?" niliuliza.

"Ya kwangu hapana. Ikwa ni ya mgeni."

Nilidhani ni ubahili wa aina fulani, au tumbo. Sababu nilikuja kuisikia siku ya mvua, alipokwama jikoni kwangu. Walikuwa wakipasua barabara upande wa Nkubu, akasema, na mstari wa injinia ulipita katikati ya shamba la mama mmoja mjane. Katikati kabisa ya ikwa zake. Nyapara ndiye aliyetumwa kung'oa. Alifika asubuhi na genge lake, wameshika mapanga, wakamkuta yule mama amechemsha. Aliwakalisha wote chini, akawamenyea, akawapa chai. Hakulia wala hakutukana. Walipomaliza kula ndipo akawaambia, haya, fanyeni ile mmekuja kufanya.

"Mimi nimeng'oa vichwa kumi na kitu, Mama Mugendi. Tumbo yangu ikiwa imejaa hiyo hiyo ikwa." Alitazama maji yakiteremka kwenye mabati. "Kimoja akaniambia, hiki chukua. Usiache kikauke juani. Nikakifunga kwa gunia, nikakileta na lori ya kokoto mpaka hapa. Sasa mimi nitakula ya nani? Hii si yangu. Ni ya mgeni."

Ikwa zote za Nyapara zilitokana na kichwa hicho cha Nkubu. Kichwa chenyewe, mama wa zote, kilikuwa kando ya barabara, kwenye mukungugu mkubwa ulioegemea lango la Nyapara.

Alikuwa na sheria moja ambayo mimi na yeye tuliizozania mpaka uzeeni. Mwanamke hapandi ikwa. Ndizi sawa, nduma sawa, lakini mkono wa mwanamke ukigusa kichwa cha ikwa, kinaoza. Hakuibuni yeye. Wazee wengi huku walisema hivyo, kwamba ikwa ni mali ya mwanaume. Ila wengine walisema na kusahau, na yeye alisema na kusimamia. Nilimwomba kichwa, akampa mume wangu. Mume wangu akakipanda, macho ya kuchipulia chini na mizizi juu, kikafa. Nyapara alinilaumu mimi. Alisema lazima nilikiangalia.

Na sasa nifike kwa Wawira, binti yake. Nyapara alikuwa na wana wawili wa kiume pia, lakini hao walikwenda Nairobi wakawa watu wa Krismasi. Wawira aliolewa mbali, na ndoa ikamwendea vibaya. Alirudi na begi moja, uso umefungwa kama duka siku ya mazishi. Huku kwetu binti akirudi hivyo, maneno huwa mengi kuliko chakula. Nyapara hakuuliza hata swali. Alimkalisha kwenye kiti cha wageni, akafunua jani la ndizi, akamenya.

"Kula, mgeni wangu," alisema.

Nilikuwepo. Wawira alikula huku machozi yakiingia kwenye ikwa, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kutazama. Siku ile lilikuwa neno zuri kuliko yote ambayo baba angeweza kumwambia.

Tatizo ni kwamba hakuliacha. Mwaka ukapita, na mwingine, na Wawira aliendelea kumenyewa ikwa kila asubuhi kama mtu atakayeondoka kesho. "Mgeni ameamka?" "Mpelekee mgeni chai." Wawira alikuwa anauza ndizi soko la Runyenjes, boda boda mbili zikimfuata na mikungu yake, akajijengea nyumba ya mbao chini ya shamba, nadhifu, na pazia la maua. Baba yake hakuwahi kuingia. Alisimama juu penye kahawa na kumpigia kelele kutoka huko.

"Mama Mugendi," Wawira aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, "niambie ukweli. Mtu hukaa kwao miaka ngapi ndio aache kuwa mgeni?"

Nilijua mzee anampenda. Nilijua pia kwamba hakuna mwanamke anayetaka kulishwa maisha yake yote kwenye kiti cha wageni nyumbani kwao.

Miaka ikaenda. Ukame mmoja mbaya ulimaliza ikwa zote za ndani ya shamba, kikabaki kile kichwa cha zamani cha kando ya barabara. Nacho kilikuwa kimezeeka. Kichwa cha ikwa kikikaa bila kugawanywa kinajisonga chenyewe. Viazi vilianza kutoka vyembamba kama kifundo cha mkono, kisha kama vidole. Kilikuwa kimeinuka juu ya udongo, kimepasuka, cheusi. Kilitaka kuchimbuliwa, kikatwe vipande, kipandwe upya. Wawira alimwambia. Mimi nilimwambia kupitia uani.

"Msimu ujao," alisema.

Ukweli ni kwamba mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliificha mfukoni, lakini mtu mwenye kikombe hawezi kuficha. Na kugawanya kichwa kikuukuu si kazi ya mkono unaotetemeka. Panga likipita mahali si pake, unalikata jicho ambamo mche ungetokea, na huna kingine.

Halafu wakaja wapimaji. Barabara inapanuliwa, wakasema, na wakapaka mukungugu ule alama nyekundu. Nyapara aliwatazama wakipima, akawasahihisha mahali walipovuta kamba vibaya, kisha akaenda jikoni. Alirudi na sahani. Vilikuwa vile viazi vyembamba kama vidole, lakini alivimenya na kuwapa, na wale vijana walikula wakimshukuru bila kujua wanakula nini. Mimi nilijua. Nililia uani kwangu, nasema wazi.

Tingatinga lingefika Jumatatu. Nyapara alimpigia simu mwana wake mdogo, akamwambia aje Jumamosi na panga kali. Mwana akasema sawa, Baba. Jumamosi Nyapara alivaa koti lake la kazi tangu asubuhi, akakaa langoni. Jioni simu ikalia, na hata mimi nilisikia upande wangu, maana yule mzee aliiweka simu mbali na sikio kama kaa la moto. Kuna kazi imeingia, mwana akasema. Na kusema kweli, Baba, ikwa si ni kununua tu Runyenjes?

Jumapili, baada ya kanisa, nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mukungugu, bado na nguo za ibada. Wawira alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika muro. Nilielewa kwamba wameshaongea na wameshindwana.

"Wacha iende," Nyapara alikuwa anasema. "Kesho greda inakuja, wacha iende. Mimi pia nimeng'oa ya watu."

"Baba, niambie tu nikate wapi."

"Ya mkono ya mwanamke inaoza. Kuliko ioze ikiniangalia, afadhali izikwe."

Hapo nilichoka. Mimi si mtu wa kugombana na wazee, ila kuna siku mdomo unatangulia.

"Mzee," nikasema, "na yule mama wa Nkubu?"

"Ni nini na yeye?"

"Alikuwa mjane. Ikwa zake zilikuwa zinapandwa na nani?"

Magari mawili matatu yalipita. Alitazama mikono yake kwenye magoti, ikicheza yenyewe kama imesikia ngoma mahali. Nilidhani nimemkosea kabisa, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Ndipo alipoinuka, akakichukua kigoda, akakigeuza, akakaa akiupa mukungugu mgongo na kuitazama barabara.

"Mimi naangalia magari," alisema. "Mahali nimekaa hapa, sioni kitu. Nikisikia mtu anachimba, sijui ni nani."

Wawira alinitazama, kisha akapiga magoti.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Nyapara hakugeuka hata mara moja, na hakuna udongo uliotoka pale bila amri yake. Alisikia kwa sauti ya muro.

"Hapo umegonga mzizi! Toka, zunguka. Nani alikwambia uvute? Ikwa haivutwi. Chimba chini yake, mpaka ikae peke yake kwa hewa. Iko hewani?"

"Iko hewani, Baba."

"Mimi siongei na mtu. Naongea na barabara. Angalia juu ya kichwa, kuna macho kama ya mbuzi akisinzia. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Panga ipite katikati ya jicho na jicho. Kila kipande ibaki na jicho yake na mizizi yake. Usikate mara mbili mahali moja. Haya. Kata!"

Wawira alikata. Ndani kulikuwa na weupe, na utomvu ukatoka. Mabega ya mzee yalishtuka kwa kila pigo, lakini shingo ilibaki mbele. Nilileta majivu ya jiko langu, Wawira akayapaka kwenye vidonda vyote, na vipande tukavibeba kwa karai mpaka kivulini penye nyumba yake, tukavifunika majani ya ndizi vikauke kidogo kabla ya kupandwa. Akakata na matawi ya mukungugu, akayachomeka kandokando ya ua wake. Tulipomaliza, Nyapara alikuwa bado anaangalia magari.

Asubuhi tingatinga lilisukuma ule mti kwa pigo moja. Alilielekeza mwenyewe kwa mkono: njoo, njoo, kata kushoto, hapo.

Baada ya hapo akaanza kuniuliza habari za vile vipande. Hakushuka kwa Wawira kwenda kutazama, aliniita uani. "Mama Mugendi, ile kitu imeoza?" Mvua ilikuwa imeanza. "Bado, Mzee." Wiki ikapita. "Imeoza?" Sauti ilikuwa imepungua sana kufikia hapo. Kipande kimoja kilioza kweli, nilimwambia, nikaona uso wake unavyoanguka, nikajuta kusema. Lakini asubuhi moja Wawira aliniita nikaone, na pale kwenye kilima cha udongo kulikuwa na ncha nyekundu, nyembamba, imeshainama kuutafuta mti. Nilipanda mpaka uani nikampigia kelele mimi siku hiyo. Nyapara alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena, akasema kuku wangu wamevuka mpaka.

Ikwa haina kontrakta, kwa hiyo tulingoja msimu na msimu. Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi Wawira alipochimba ya kwanza. Aliniita tuonje. Tulikaa ndani ya nyumba yake ya mbao, sufuria imefunikwa jani, chai iko tayari, tukicheka jambo fulani la soko, na tukasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ndogo, sikuijua. Ikarudia.

"Hodi hapa."

Wawira alifungua pazia. Baba yake alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, viatu amevipangusa kwenye nyasi. Ilimchukua muda mrefu kuteremka shamba lile, hatua moja, fimbo, hatua nyingine, na nilipomtazama vizuri niliona majani ya kahawa kichwani mwake. Niliinuka nikamgusa Wawira mgongoni.

"Karibu, Baba. Karibu ndani."

Aliingia akitazama kuta, dari, pazia, kama mtu anayekagua kazi ya genge lingine na hataki kusema kwamba ni nzuri. Palikuwa na kiti karibu yake, akakipita. Akaenda kukaa kwenye kile cha wageni, chenye kitambaa cha kufuma, akaweka mikono yake magotini. Wawira alifunua sufuria. Aliimenya polepole, nene, nyeupe, ikitoa mvuke, akaikata, akaiweka kwenye sahani mbele yake.

Nyapara aliitazama kwa muda. Kisha akaichukua kwa mikono yote miwili, akala. Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa hiyo tangu Nkubu, na mimi na Wawira hatukuthubutu hata kunywa chai.

Akameza. Akainua macho kwa binti yake.

"Mwenye nyumba," akasema, "chumvi iko?"

Chumvi ilikuwa mezani, mbele ya Wawira. Aliitafuta kila mahali.